Mpungate Hauishi kwa Subira

Naomba jambo moja kabla sijaanza: mtu asiniite mpungate. Nimeitwa hivyo mara nyingi tangu nifike Durban, na wote walioniita walidhani wananisifu. Mchungaji wetu aliwahi kuhubiri kwamba sisi wakimbizi ni mimea ya jangwani, hatuhitaji kitu. Mteja niliyemsuka tangu asubuhi hadi saa tisa bila kutia hata chai kinywani alinipigapiga begani akasema ninyi Wakongo mnaweza kuota hata juu ya jiwe. Nyumbani nako, kila nikilalamika kwenye simu, dada yangu mkubwa hunijibu kwa methali ileile, mvumilivu hula mbivu. Nimevumilia miaka tisa na hizo mbivu sijaziona. Sikuwa na la kuwajibu mpaka nilipolazimika kusoma jinsi mpungate wenyewe unavyoishi.

Kamusi huuita mpungate au dungusi kakati. Sisi wa Bukavu tunasema kaktusi, kama tulivyofundishwa kwa Kifaransa, na neno hilo ndilo lililokuja kunitia aibu mbele za watu. Nitafika huko.

Nilifundisha baiolojia miaka kumi na mmoja katika sekondari moja ya wasichana kule Bukavu. Hapa Durban nasuka nywele. Saluni yetu iko Greyville, chini ya jengo la fleti, barabara ya nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na ina viti vitatu na feni moja inayozunguka inapojisikia. Kiti cha kwanza ni changu. Cha pili ni cha rafiki yangu wa Lubumbashi, mwanamke aliyeachia shule darasa la sita na ambaye anasuka rasta kwa kasi mara mbili ya yangu. Cha tatu ni cha yeyote atakayekuja kukikodi. Rafiki yangu huyo huniita Madamu, kama wanafunzi wa Kongo wanavyomwita mwalimu wao wa kike, na mdomoni mwake jina hilo ni nusu heshima na nusu kejeli. Nalipenda hata hivyo, maana ndicho kitu pekee kilichobaki cha kazi yangu. Diploma yangu imo ndani ya faili la plastiki juu ya kabati. Nimeipeleka sehemu nyingi, na kila mara imerudi nami kama ilivyokwenda.

Sikuwahi kuficha nilichokitaka. Nilitaka kusimama tena mbele ya darasa, watoto wanyamaze, niulize swali na mikono ipande. Kwa hiyo siku mteja mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Westville, aliponionyesha tangazo kwenye simu yake huku kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, niliacha kusuka katikati ya msuko. Bustani moja ya mimea ya jangwani, huko huko Westville, ilikuwa inatafuta mtu wa kuwatembeza watoto wa shule siku za Jumamosi na kuwafundisha. Kila mwombaji alitakiwa kuja na somo la dakika kumi: jinsi mipungate mikubwa inavyoyamudu maisha ya jangwani. Nililisoma mara tatu. Mteja akanikumbusha kwamba nusu ya kichwa chake bado iko wazi.

Rafiki yangu aliniuliza kama nimewahi kuona jangwa. Nikamwambia sijawahi. Bukavu mvua hunyesha mpaka viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, na Durban nayo ni joto la kunata, unatoka kuoga na jasho linakupokea mlangoni. Akauliza tena kama nimewahi kuuona huo mpungate mkubwa. Nikamjibu kwamba kaktusi nimekua nazo, kwamba uzio mzima wa bibi yangu ulikuwa wa kaktusi, na kwamba iko moja ndefu hapa hapa nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya taka. Akasema sawa Madamu, akaendelea kusuka.

Nilikuwa na wiki mbili. Nilisoma kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, nikasoma kwenye teksi, yale mabasi madogo ya hapa, nikasoma kwenye foleni ya kuhuisha karatasi zangu za ukimbizi, ambayo peke yake ilitosha kumaliza kitabu kizima. Niliyoyakuta hayakuwa niliyoyategemea. Nilitegemea kukuta mmea wenye subira, nikakuta mlafi.

Mipungate mikubwa ya majangwa ya Amerika, ile inayosimama kama nguzo zenye mikono na kuipita nyumba kwa urefu, haijaizoea kiu hata kidogo. Mwili wake wote ni mpango wa kunywa na kutoachia. Mizizi yake mingi haiendi chini kama nilivyodhani. Imetandazwa karibu na uso wa ardhi, inakwenda mbali kila upande, kiasi cha urefu wa mmea wenyewe, ili mvua ikinyesha hata dakika chache isipite bure. Ardhi ikilowa, vijizizi vipya huchipuka haraka kwa ajili ya kazi hiyo tu, vinakunywa, na ukame ukirudi vinakauka. Haba na haba hujaza kibaba si methali ya mpungate. Wenyewe unajaza kibaba kwa mkupuo mmoja, kisha unafunga mlango.

Shina ndilo ghala. Limekunjwa marinda toka juu hadi chini, kama sketi ya shule. Maji yakiingia, marinda yanafunguka na mmea unanenepa bila ngozi kupasuka. Ukame ukija, yanajikunja tena. Wanafunzi wangu walivaa sketi za marinda, za buluu, na nilipofika hapo somo lilianza kujiandika lenyewe kichwani. Ngozi imepakwa nta. Majani hakuna, kwa sababu jani ni mlango wa maji kutorokea. Yamegeuka miiba, na miiba hiyo, mbali na kuwachoma wezi, inaupa mmea kivuli na kuuzuia upepo mkavu usiilambe ngozi. Kazi ya majani, ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, imehamia kwenye ngozi ya shina, ndiyo maana shina ni la kijani. Na kupumua ndiko kulikonifanya nicheke peke yangu kwenye ile foleni. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana. Mpungate unavifunga vyote jua linapowaka, unavifungua usiku kunapopoa, unavuta hewa unayoihitaji na kuiweka akiba hadi kesho yake. Aliyekuwa mbele yangu aligeuka kuangalia kilichonichekesha, nikamwambia ni mmea.

Hakuna mahali popote niliposoma kwamba mpungate hauhitaji maji. Hilo limesemwa na watu, na walilisema kwa faida yao.

Nilifanyia mazoezi saluni. Mteja wa rasta ndogondogo hukaa saa tano na hana pa kukimbilia, kwa hiyo wote waliokuja wiki hizo mbili walisoma mpungate watake wasitake. Mmoja aliniuliza kama somo liko ndani ya bei. Mwingine alilala kwenye mizizi na kuamkia kwenye nta. Rafiki yangu alisikiliza mara zote, mikono ikienda, na mwishoni alikuwa ananirekebisha nikiruka kitu. Alikuwa ameshika kila neno. Wakati ule nililiona jambo hilo kuwa la kuchekesha, na sikulipa uzito uliostahili.

Siku mbili kabla ya siku yenyewe niliamua kwamba somo lisilo na kitu cha kushika mkononi ni hotuba tu. Nilimwomba ruhusa msimamizi wa jengo, nikaenda nyuma kwenye mapipa na kisu, nikakata tawi la ile kaktusi. Lilikuwa na marinda yake, ngozi yake ya kijani, miiba yake pembeni. Maziwa meupe yalichuruzika toka kwenye jeraha, na mkono wangu ukalisogeza tawi mbali na uso bila mimi kufikiri, kwa sababu bibi alitufunza hivyo: hayo maziwa ni makali, osha mikono, na hata mdudu akikuuma kwenye kope usiguse jicho. Nililizungushia gazeti, nikaliingiza saluni kama mtu anayebeba samaki mkubwa. Rafiki yangu alilifunua, akalitazama pale lilipokatwa.

"Madamu, ulisema ndani iko maji," alisema. "Hii iko maziwa."

"Ni maji yaliyochanganyika na kinga."

"Kinga ya nini?"

"Suka," nilimwambia.

Akasuka. Ukweli ni kwamba swali lake nilikuwa nimekwisha kujiuliza na nikalizika. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya mpungate kuna nyama yenye maji, na sikusoma popote habari ya maziwa. Lakini nani anakwenda kumuuliza jirani yake wa miaka thelathini jina lake? Kaktusi ilikuwa kaktusi. Mtaa mzima wa bibi yangu uliiita hivyo, na mimi mwenyewe niliwahi kulitoa darasa langu nje, nikalipanga mbele ya uzio, nikawaambia wasichana wauchore mmea ule na waandike juu yake kwa herufi kubwa: KAKTUSI.

Jumamosi ile nilivaa suti yangu ya kijivu, ile niliyofundishia. Teksi ilinishusha kwenye barabara kubwa, na kutoka hapo nilipanda kilima kwa miguu. Westville watu wanaendesha magari, na mtu anayetembea na mfuko mrefu wa plastiki wenye miiba hutazamwa toka nyuma ya kila geti. Nilifika nimelowa. Walikuwa wawili wanaonisubiri. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bustani, mzee mchangamfu wa kizungu mwenye kaptula na soksi ndefu. Wa pili alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, mwalimu mstaafu wa baiolojia, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Yeye ndiye aliyeandika vibao vyote vya majina ya mimea pale. Tulizungumza Kiingereza, na Kiingereza changu hutembea na mkongojo, lakini hufika.

Walinipeleka moja kwa moja kwenye meza chini ya kivuli. Nilipaswa kuizunguka bustani kwanza nikaione, na sikuizunguka.

Nilianza vizuri. Niliwaambia juu ya sketi ya marinda, na yule mwalimu mstaafu akavaa miwani yake. Niliwaambia juu ya mizizi, nikanyoosha mikono kuonyesha inavyokwenda mbali, na sauti yangu ya darasani ikanirudia, ile ambayo saluni hainihitaji niitumie. Nilikuwa nimeisahau. Nilijisikia mrefu. Kisha nikafungua gazeti, nikaliweka tawi mezani, nikasema sasa tuone ndani ya kaktusi kuna nini, nikakata.

Maziwa yakamwagika mezani.

"Hiyo si kaktusi," alisema mwalimu mstaafu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anavyomwambia mwanafunzi kwamba jibu la hesabu si hilo. "Ni yuforbia. Mti wa Afrika, hata hapa Durban unaota wenyewe. Kaktusi haitoi maziwa."

Niliona aibu, na sitaitafutia jina la kuipamba. Niliwaona wasichana wangu wamesimama mbele ya ule uzio na penseli zao. Wengine sasa ni mama wa watu, na pengine wamewarithisha watoto wao neno lile. Nilimwona rafiki yangu akilitazama tawi na kuuliza kinga ya nini. Miguu yangu ilitaka kuniondoa pale, na nilikwisha kuukunja ukingo wa gazeti ili nifungashe.

Mwenyekiti alicheka, kicheko cha kunifariji, akasema kosa hilo hufanywa na wengi. Akalichukua tawi kulitazama, maziwa yakampaka vidole. Siku ilikuwa ya joto na jasho lilikuwa linamshuka kwenye paji la uso. Nikauona mkono wake ukipanda kwenda kujifuta jicho.

Niliruka meza. Nilimkamata kifundo cha mkono, mzee wa watu, nikamwambia usiguse jicho, kwa sauti niliyoitumia kwa wasichana walioshika tindikali wakizungumza. Alibaki ameduwaa. Nilimpeleka kwenye bomba kama mtoto, nikamsugua vidole kwa sabuni, nikamwambia aendelee kuosha hadi nitakapomruhusu. Kaka yangu aliyaingiza maziwa hayo machoni akiwa na miaka saba, akalala siku tatu na kitambaa cha maji usoni, akilia kwamba usiku hauishi. Nilimsimulia hayo akiwa anaosha. Kisha nikageuka kumuuliza mwalimu mstaafu kama watoto wanaoletwa pale huambiwa habari hiyo, maana kutoka bombani nilikuwa ninaiona yuforbia yao kando ya njia, ndefu, matawi yake kwenye kimo cha mtoto, na kibao chake kina jina tu. Alitoa daftari akaandika.

Hapo ndipo hasira ilipoishinda aibu. Nilitazama saa yangu, nikawaambia bado nina dakika nne, na nikamwomba mwalimu anionyeshe kaktusi ya kweli.

Ilikuwa nyuma ya kivuli chao. Ilisimama imenyooka, marinda yake yamekaza, kubwa kuliko nilivyoisoma. Nilisogea karibu na tawi langu mkononi, nikaviangalia viwili hivyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu pamoja. Miiba ya yuforbia hutoka miwili miwili kwenye ukingo wa rinda. Miiba ya mpungate hutoka mingi pamoja, na kila fungu limekaa kwenye kifundo kidogo chenye manyoya laini kama pamba. Nilikuwa nimekisoma kifundo hicho kwenye simu, nikakikariri, nisikitafute. Nikageuka.

"Hizi si ndugu," niliwaambia. "Moja kwao ni Amerika, nyingine kwao ni Afrika, na kati yao kuna bahari. Lakini zote zina marinda, zote zimetupa majani, zote zinakula kwa ngozi. Jua kali limezifinyanga kwa mkono mmoja, na kiu haikuuliza ukoo. Mimi nimedanganyika kwa sababu hiyo, na watoto wenu watadanganyika vilevile. Anayejua mahali watakapokosea ni mimi."

Dakika zilikuwa zimekwisha. Walikwenda kando kuzungumza, na nilimwona mwalimu mstaafu akisema maneno mengi na mwenyekiti akisema machache. Waliporudi, mwenyekiti ndiye aliyezungumza. Alinishukuru, akasifu somo, akashukuru tena kwa ajili ya jicho lake. Akasema kwamba mwaka huu mfuko wa bustani umebana, lakini wangefurahi sana nikija kama mtu wa kujitolea. Nauli ningejitegemea. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliongeza neno la kunipoza.

"Ninyi watu mko kama mimea hii," alisema. "Inashangaza jinsi mnavyoweza kuishi kwa kidogo."

Alisema kwa moyo mweupe. Vidole vyake bado vilikuwa vinanukia sabuni niliyomsugulia. Nikamuuliza kama aliyekuwa anawatembeza watoto kabla yangu naye alijitolea. Kabla hajafungua mdomo, mwalimu mstaafu alisema hapana, yule alilipwa.

"Mpungate hauishi kwa kidogo," nilimwambia mwenyekiti. "Unakunywa kila tone linaloufikia, na mvua ikikataa kabisa unakufa kama mmea mwingine wowote. Nimewaeleza hivyo dakika kumi nzima. Mkipata maji, namba yangu mnayo."

Nililifunga tawi langu kwenye gazeti, nikateremka kilima.

Ushujaa uliniishia kwenye kona ya kwanza. Nilikaa juu ya ukingo wa ukuta wa mtu. Darasa nililolitamani miaka tisa lilikuwa limewekwa mbele yangu, nami nimelipiga teke kwa sababu ya kiburi. Watoto wangekaa kimya. Mikono ingepanda. Si kitu kama ningekuwa nawafundisha bure, nilijiambia, watu wangapi wanafundisha bure? Kisha nikakumbuka kwamba wote ninaowajua mimi wanaofanya kazi bure hapa mjini wametoka kwetu, nikainuka nikatafuta teksi.

Jumatatu rafiki yangu aliniuliza ilikuwaje. Nilikuwa nimekwisha kutunga jibu. Ningemwambia kwamba walinibagua kwa ajili ya Kiingereza changu, na angeniamini, kwa sababu yamempata hayo mara ngapi. Lakini alikuwa ameshika kitana mdomoni na ananitazama kupitia kioo, na nikaona siwezi.

"Ile haikuwa kaktusi," nilimwambia. "Weye uliona, na miye mwalimu nikakwambia usuke."

Alikitoa kitana mdomoni.

"Miye niliona maziwa tu, yaya," alisema. "Jina yake sikujua."

Hakuniita Madamu. Aliniita yaya, dada mkubwa, na hilo lilinichoma na kuniponya kwa pamoja. Nikamweleza yote, kifundo cha pamba na maziwa na jicho la mwenyekiti, naye akauliza maswali mazuri kuliko ya kamati nzima. Nilipofika kwenye kujitolea alirudisha kitana mezani.

"Bure?" aliuliza. "Yaya, siye hata kichwa ya mutoto hatusuke bure."

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Dada yangu alipiga simu kutoka nyumbani, nikamsimulia, akaanza kusema mvumilivu. Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba mvumilivu nimemsoma, na kwamba yule anayesimama jangwani miaka na miaka hasubiri hata kidogo, amekwisha kutandaza mizizi yake kabla wingu halijaonekana. Dada akauliza kama nimekula. Ndivyo mazungumzo yetu yanavyokwisha siku zote.

Wiki ya tatu mwalimu mstaafu alipiga simu mwenyewe. Kazi ilikuwa Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa malipo yaleyale ya aliyetangulia, na nauli juu yao. Nilimuuliza mfuko umepanuka vipi. Akasema kwamba aliwaambia kamati kuwa nisipolipwa, kuanzia siku ile vibao vya majina wataandika wao, na kati yao hakuna anayejua kuandika hata kimoja. Alisema hivyo bila kucheka, na nikajua kwamba yeye naye alifundisha wasichana. Kabla hajakata aliniambia nisisahau lile tawi. Nikamuuliza kama karibu na yuforbia kuna bomba na sabuni. Akasema vimewekwa, na kibao pia kimebadilishwa.

Siku za wiki bado nasuka. Sitaki mtu adhani kwamba bustani ilinitoa saluni. Lakini Jumamosi ile ya kwanza niliamka kabla ya saa kulia, nikanyoosha suti yangu, nikakata tawi jipya, na rafiki yangu alinisindikiza hadi kwenye roboti, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, akinihoji somo mdomoni, mizizi, marinda, nta, miiba, kupumua, kama mama anayempeleka mtoto mtihani.

Walikuwa watoto wa darasa la saba, wameketi chini kwenye kivuli na daftari zao magotini. Walipiga kelele. Nilisimama mbele yao, sikusema kitu, nikasubiri, na polepole kelele ikafa. Nilikuwa nimesahau ukimya ule unavyokuwa. Ilibidi nitazame chini kidogo.

Kisha nikaliinua tawi. Niliwaambia kwamba kitu hiki nilikiita kaktusi tangu utoto, na nikawafundisha wengine hivyo, na nilikosea, na aliyeona kwanza kwamba nimekosea ni msusi wa nywele wa Greyville. Wakacheka. Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kuliambia darasa kwamba nimekosea, na dunia haikuanguka. Mwalimu mstaafu alikuwa amekaa nyuma kabisa, miwani imevaliwa. Mwenyekiti hakuja.

Tulisogea hadi kwenye mpungate wa kweli. Nilikuwa sijasema bado habari ya maji. Msichana mmoja wa mbele, sketi yake ya marinda imechafuka udongo, alikuwa amekwisha kuandika sentensi yake ya kwanza bila kunisubiri. Niliinama nikaisoma. Alikuwa ameandika kwamba kaktusi ni mmea usiohitaji maji.

Nilimwomba kifutio chake. Nikafuta mwenyewe, taratibu, neno kwa neno, mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

"Unahitaji maji kama wewe," nilimwambia. "Ndiyo maana umejijenga hivi. Andika hivyo."

Alinitazama, akautazama mpungate toka chini hadi juu, akaandika. Nyuma yake mkono wa kwanza ukapanda, kisha mwingine.